Mjadala: Vita vya Kagera vinatufundisha nini kuhusu JKT ya lazima?

Mtoa mada
Wakuu, nauliza kwa dhati. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpakani Mutukula yakakuta mpaka wetu una askari wachache mno. Novemba 1 akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni lake. Kesho yake Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sawa, lakini uwezo wenyewe ulibidi ukusanywe kwanza: malori na mabasi ya watu yakachukuliwa, mgambo, yaani raia waliopewa mafunzo ya kijeshi, wakaitwa kutoka mikoani. Leo vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, ila kwa miaka mingi nafasi hazikuwatosha wote. Mimi nasema waende wote, asibaki hata mmoja. Mnasemaje?

Kitonga
Mkuu, historia umeisoma nusu. Kampala ilianguka mwezi wa tano 1979, halafu nini kikafuata? Foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane, na ilipoisha mikanda ikabaki palepale. Jeshi linalishwa na uchumi. Na tuache kuwatukuza mgambo, wale walibeba mizigo tu. Kazi ilifanywa na wanajeshi wenyewe.

Mwana wa Mgambo
Mwezi wa nne, tarehe 11. Kama tarehe tu imekushinda, usituletee habari za mizigo.

Baba yangu alitoka Shinyanga amepanda lori lililozoea kubeba pamba. Mguu wake wa kushoto una kovu kuanzia goti hadi karibu na kifundo, na hadi leo akikaa kwenye kigoda anaunyoosha pembeni, haukunji. Hilo kovu limetokana na mizigo gani?

Kitonga
Sijamtukana mzee wako. Ila tuseme ukweli wa Lukaya. Machi 1979, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, kinamasi kila upande, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walipofyatua maroketi Brigedi ya 201 ilisambaratika. Na brigedi ile ilijaa mgambo. Walikimbia. Sasa wewe unataka kumchukua mtoto wa kidato cha sita, umpe gwaride la miezi michache, halafu useme umepata ulinzi?

Mwana wa Mgambo
Walikimbia? Wewe ulikuwa wapi?

Kitonga
Sikuwepo, kama wewe ambavyo hukuwepo.

Binti Kyaka
Samahanini, nilikuwa nasoma tu, lakini hilo neno "walikimbia" limenigusa. Bibi yangu naye alikimbia. Alimfunga mama yangu mgongoni, akashika kuku mmoja mkononi, akavuka mto kabla daraja la Kyaka halijavunjwa. Aliporudi kibanjani alikuta nyumba haina paa. Mabati yote yalikuwa yameng'olewa, mbao zimebaki na misumari iliyopinda. Mbao zile hakuzitupa. Ziko jikoni kwake hadi leo, misumari imo, na watoto tunaonywa tusiegemee. Ng'ombe hakumwona hata mmoja. Kila mwaka tunasikia hotuba za ushindi, lakini sijawahi kusikia mtu akiuliza yale mabati alilipwa na nani.

Kitonga
Dada pole sana. Kwa bibi yako sina neno.

Mwana wa Mgambo
Kwa bibi huna neno, kwa baba yangu unalo.

Mtoa mada
Ndugu zangu, turudini kwenye mada. Niliuliza JKT.

Mstaafu wa Lugalo
Vijana, mnaanzia 1978 na mizizi mnaiacha. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo, waliasi. Mwalimu akalazimika kuwaomba Waingereza, wale wale tuliotoka kwao miaka miwili tu kabla, waje kuwanyang'anya silaha. Hiyo aibu ilimuuma sana. Akalivunja jeshi lile lote. JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likazaliwa Septemba 1, 1964, na JKT ikiwa tayari ipo tangu 1963. Lengo halikuwa bunduki peke yake. Lilikuwa askari asiwe mgeni kwa raia, na raia asimwogope askari. Ndiyo maana Mwalimu alipoita, mgambo walikuja. Anayepima JKT kwa idadi ya risasi amekosea kipimo.

Binti Kyaka
Shikamoo mzee. Hapo nimekuelewa. Lakini raia wa mpakani naye ni mwananchi. Askari walipungua kwake, si Dar.

Mstaafu wa Lugalo
Marahaba. Hilo ni kweli, na linauma.

Mwana wa Mgambo
Nimempigia mzee sasa hivi. Nimemuuliza wazi: baba, Lukaya mlikimbia?

Akanyamaza kidogo. Akasema ndiyo, tulikimbia. Wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kusikia maroketi yakija upande wao. Anasema alikimbia ndani ya matope hadi akamkuta afande amesimama anaita watu kwa majina ya mikoa yao: Shinyanga hapa, Singida hapa. Wakajikusanya, wakarudi usiku uliofuata, brigedi nyingine ikapigia upande wa pili. Kovu alilipata wakati wa kurudi.

Nikamuuliza, kama mngefundishwa muda mrefu zaidi msingekimbia? Akasema wangekimbia vilevile, ila kila mmoja angejua mapema pa kukusanyikia, na wale waliopotelea kinamasini wangerudi.

Kitonga
Nifikishie shikamoo kwa mzee. Lile neno "tu" nimelifuta. Lakini hao vijana wote mtakaowapeleka watakula nini, na kwa bajeti ipi? Tangu asubuhi hakuna aliyenijibu.