Naomba ushauri: mama anajiandaa kuanza kemo (dawa kali za saratani) baada ya upasuaji wa utumbo mpana

Habari zenu wapendwa. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwezi uliopita, na sasa tunajiandaa kuanza kemo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mshono umefunga vizuri, namshukuru Mungu. Ila amewekewa mfuko wa choo tumboni, na ngozi inayouzunguka imekuwa nyekundu, inamwasha hadi usingizi hapati. Mnaitunzaje? Atapewa dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini, na daktari ametuonya kuhusu vitu vya baridi, maana vidole na koo hufa ganzi. Hilo tumelielewa. Kinachonitia hofu zaidi ni chakula: uji wa ulezi anakunywa vijiko viwili vitatu, anasukuma bakuli. Mliouguza mgonjwa wa namna hii, mlimpa nini akapata nguvu kabla ya dozi ya kwanza? Natanguliza shukrani.