Skana ya kununua mwenyewe kwa Toyota za zamani: inasaidia au nitapoteza hela?

Mwana Shangani
Habari za humu wakuu. Nipo Mtwara mjini, natumia Spacio ya 2002, injini 1NZ. Taa ya cheki injini imegoma kuzima, na asubuhi sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe mpaka bodi inatetemeka. Fundi wa kwanza kasema oksijeni sensa imekufa. Wa pili kafungua throto akaosha, haikupita muda ikarudi vile vile. Wa tatu anataka tubadilishe kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kila mmoja anataja kifaa, hakuna aliyepima kitu. Nilipoipeleka kwenye mashine wakanifutia taa, wakachukua chao, kufika Mikindani imewaka tena.

Sasa nimeona vile vimashine vidogo vya Bluetooth, unachomeka chini ya usukani unasoma kwa simu. Kwa gari ya umri huu kitasoma kweli? Na baba mdogo yuko Lindi ana Carina ya 1994, nayo asubuhi kuwaka ni shida, kimashine hicho hicho kitafaa? Msimu wa korosho ndio huu unaingia, gari lazima iende Newala. Nawasilisha.

Korosho Ghafi
Uza hiyo, chukua IST, ulale usingizi.

Dada wa Ligula
@Korosho Ghafi IST nyingi zina injini hiyo hiyo ya 1NZ, sasa hapo umemshauri nini?

Mtoa mada, kabla hujanunua chochote fungua boneti uangalie waya wa erthi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, na ule wa betri. Sisi tunaokaa karibu na bahari chumvi inatula kimyakimya. Raum yangu ilikuwa inaleta kodi (zile namba za hitilafu) za sensa tofauti tofauti kila wiki, kumbe ni nati ya erthi imeota ukungu wa kijani. Msasa kidogo, grisi juu yake, basi. Halafu nijibu: ukipanda Newala kutokea Masasi, inavuta au inachoka?

Mwana Shangani
Inavuta vizuri tu dada, mlimani sina malalamiko. Shida ni ikiwa imesimama. Erthi nimezisafisha jioni hii, taa bado ipo.

Fundi Umeme Mingoyo
Swali la dada ni la maana sana. Pampu au filta ya mafuta ikiwa mbovu, mlima ndio ungekuumbua. Gari inayovuta mlimani na kuhangaika kwenye sailensa, mimi nawaza hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu kimashine, nunua, ila ujue unachonunua. Tundu la pini 16 si ushahidi kwamba gari itaongea na kila skana. Marekani walilazimisha OBD-II, lugha moja ya gari kuongea na skana, kwa magari ya modeli ya 1996 kuendelea, Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Hizi zetu zilitengenezwa zitumike Japani, na wakati ule huko sheria hiyo haikuwabana. Tundu wakaweka, kompyuta ikabaki inajibu kwa utaratibu wao. Ndiyo maana watu wanachomeka, simu inagoma kuunganisha, wanatupa kimashine kizima. Pakua Car Scanner, kwenye kuchagua gari tafuta Toyota ya soko la Japani, usiache ile ya jumla. Swichi iwe ON. Vile vimashine vya ELM327 (jina la chipu ya ndani) vya bei ya chini sana vilivyoandikwa v2.1 vingi vimepunguzwa uwezo, kwa magari haya vinasumbua. Kama simu yako ni iPhone chukua cha WiFi au cha Bluetooth ya kizazi kipya, la sivyo hakitaonana nayo.

Sasa hapa ndipo watu wanapoliwa. Kodi haikutajii kifaa cha kununua. Ikisoma P0171, maana yake mchanganyiko ni mkavu, hewa nyingi petroli kidogo. Nani kaipa kompyuta habari hiyo? Oksijeni sensa. Ukiibadilisha umemfukuza mlinzi kwa kosa la kumwona mwizi. Badala ya kukimbilia dukani fungua data za moja kwa moja, tazama STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Hizo ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mambo yakae sawa. Kucheza ndani ya 10 juu au chini si neno. Soma kwenye sailensa, kisha shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika usome tena. Ikiwa juu kwenye sailensa na kushuka ukikanyaga, kuna hozi inavuta hewa. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, rudi kwenye petroli au sensa ya hewa.

Carina ya mzee haina haja ya kimashine. Fungua boneti, kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani ya kifuniko pana ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ON bila kuwasha injini, hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, haina kodi. Kuwa makini tu na matundu, ukikosea jirani yake unaweza kuunguza kitu.

Mwana Shangani
Mrejesho wakuu. Kimashine kimefika na basi la Dar. Kwa ile ya jumla kiligoma kabisa, nilipochagua ya Japani kikaunganisha. Kodi ni P0171 peke yake. Sailensa LTFT +27, kwenye 2,500 inashuka mpaka +5. Naanzia wapi?

Fundi Umeme Mingoyo
Mwizi ni hozi. Injini ikiwa inanguruma, zifungie koleo kitambaa, bana hozi ndogo moja moja zinazoingia kwenye manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye injini): ya PCV inayorudisha mvuke wa oili, ya bustara ya breki. Ukibana yenye tundu utasikia sailensa inabadilika. Kuna watakaokwambia upulize petroli usikilize. Usithubutu, hapo kuna koili na joto.

Mwana Shangani
Ni ya PCV! Juu mpira mzima kabisa, unang'aa. Nimeuchomoa, kwenye kiwiko upande wa chini umepasuka urefu kama wa kucha, ukiukunja mdomo unafunguka. Nimeweka mwingine, nimefuta kodi, sasa LTFT imekaa +4 na sailensa imetulia. Na oksijeni sensa niliyokuwa nimeshatajiwa bei bado ni ile ile ya zamani.

Dada wa Ligula
Hongera mkuu. Hakikisha uliyoweka ni ya kuhimili oili. Wakikuuzia mpira wa maji, mvuke wa oili utaulainisha na utarudi hapa.

Mwana Shangani
Ni ya oili dada, nilisimamia mwenyewe. Nimempigia baba mdogo, kaunganisha waya: taa inapepesa mara mbili, inatulia, mara mbili tena.

Fundi Umeme Mingoyo
Hiyo ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Kompyuta ikikosa taarifa hiyo inajipangia kwamba injini ina nyuzi 80, kwa hiyo asubuhi inamnyima petroli ya kuwashia. Tena nasema saketi, sensa baadaye. Achomoe plagi yake aangalie kutu, kisha apime ohm za sensa yenyewe. Kwenye nyuzi 20 isome kati ya 2,000 na 3,000, injini ikifika 80 ishuke kwenye 200 hadi 400. Ikisoma hivyo, sensa nzima, atafute waya uliokatika. Akimaliza azime swichi, atoe fyuzi ya EFI sekunde kama 30 kodi ifutike, na ule waya wa TE1 asiusahau mle.

Na wewe usiache kimashine kimechomekwa usiku, pini namba 16 ya lile tundu ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa.

Korosho Ghafi
Mkuu, ukitoka huko pitia Chikongola na hicho kimashine. Noah yangu taa inawaka tangu Idi, na safari hii sina utani.