Mchoro wa penseli wa Shela: nautazameje?

Mama Shela: Asalaam aleikum wana jukwaa. Binamu yangu wa hapa Lamu kanizawadia mchoro wa ufuo wa Shela: fungu za mchanga, mashua moja, na kisiwa cha Manda kwa mbali. Penseli tupu, rangi hata tone hamna. Baba watoto kautazama, akasema, "Mbona haujamalizwa? Akitia rangi aulete." Kijana yupo pale pale! Akacheka, lakini uso nimeuona. Mimi naupenda ila nikiulizwa kwa nini, sina jibu.

Fundi Mbao: Waaleikum salaam dada. Anza na Manda. Imefifia kuliko mashua? Basi kijana anajua kazi. Unyevu wa hewa hufifisha kila kilicho mbali, na yeye hana buluu ya kumwokoa. Ana weusi na weupe tu. Huko mbali hutumia penseli ngumu, za H, karibu hutumia laini za B. Halafu tazama mchanga ukiwa karibu kabisa na karatasi. Nadhani utakuta pakubwa hakugusa. Jua la Shela ni karatasi yenyewe, kaiacha makusudi. Hapo ndipo shemeji anapoona "haujamalizwa".

Pweza Mkavu: Mpeni shemeji penseli achore wimbi moja tu 😂

Bi Mkubwa wa Langoni: Mwanangu, muulize mumeo: zidaka za nyumba za kale, vile vishubaka vya ukutani, zina rangi gani? Chokaa nyeupe juu ya nyeupe, na nakshi yote huonekana kwa kivuli. Mbona hajasema mafundi wale hawakumaliza?

Fundi Mbao: Bi Mkubwa kamaliza. Niongeze la kutundika: weka kioo, ila kisiguse karatasi, na usiuweke ukuta unaotoka jasho, kuvu itaula. Vidole marufuku, unachafuka. Hiyo "risasi" ya ndani ya penseli wala si risasi, ni grafiti, madini meusi laini. Mfaransa Conté ndiye aliyeichanganya na udongo mwaka 1795, ndipo zikapatikana ngumu na laini. Jua haliipaushi, karatasi ndiyo hugeuka manjano.

Mama Shela: Ahsanteni. La zidaka nimempelekea, kanyamaza. Baada ya isha nimemkuta amesimama mbele ya mchoro na tochi ya simu, aniuliza mashua ile ya nani. Sasa asema fremu atanunua yeye, ya dhahabu yenye maua. Nisaidieni tena.