Ushauri: tulipiwe vifaa vya gari la polisi, ama tungoje serikali?

Katibu_Mtongwe:
Salaam wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya polisi jamii huku Likoni, Mombasa. Gari la doria la mtaani kwetu halina mtungi wa kuzimia moto, kioo cha mbele hakina wavu, na lile sanduku la huduma ya kwanza nimelifungua mwenyewe: kipande cha plasta na kadi za simu zilizokwanguliwa. Wiki mbili nyuma lilipigwa mawe usiku. Askari akapasuka juu ya jicho, akafungwa leso ya mama muuza mahamri hadi hospitali.

Sasa mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi ataka kulipia vyote. Wazee wamefurahi, mimi nasita. Tupokee?

Fundi_Magongo:
Wavu kwangu ni kazi ya asubuhi moja. Lakini dadangu, tazama namba kwanza. Ikiwa ni GK, gari ni la serikali. Ikiwa ni namba ya kawaida, huenda ni la kukodi. Serikali yawakodia polisi magari tangu 2013. Usitoboe chuma cha mwenyewe bila idhini.

Babu_wa_Mvita:
Msipokee, wanangu. Lori la huyo bwana likisimamishwa kesho, nani atamgusa?

Jomvu_Kwetu:
Babu, askari avuje damu tukingoja bajeti? Plasta nachanga hata leo.

Msoma_Katiba:
Kwa gavana na MCA (mwakilishi wa wadi) msijisumbue, polisi ni kazi ya serikali kuu. Fungu lao limo katika makadirio yanayofikishwa Bunge la Taifa kabla ya Aprili kwisha, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kamati ya bunge hupokea maoni ya wananchi hapo katikati, na ndipo wengi wetu hulala. Mbunge naye ana NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge, ambayo imejenga vituo vya polisi kwingi, mwandikieni.

Ila kabla ya yote, peleka barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Waweza kuiandika kwa Kiswahili, na wana siku 21 za kukujibu. Uliza gari ni la nani, na vifaa vyake hulipiwa na nani. Usiingize bunduki wala fulana za kuzuia risasi, utaambiwa ni siri ya usalama na barua nzima itakwama. Wakikunyamazia, Ombudsman, yule mpokeaji wa malalamiko dhidi ya ofisi za umma, yupo.

@Jomvu_Kwetu, plasta sawa, lakini iandikwe kwenye kitabu cha kituo, kwa jina la kamati.

Katibu_Mtongwe:
Shukran. Nimetoka kituoni sasa hivi: namba ni ya kawaida, si GK. Wavu tumeusimamisha, mwenye duka amenuna. Plasta, bendeji na mtungi tutachangishana wenyewe, na barua naiandika leo usiku. Mama wa mahamri ataka leso yake nayo iulizwe humo.