Naomba ushauri: ramani ipi ya jenomu (vinasaba vyote vya kiumbe) inafaa kwa ng'ombe wa Boran?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina data za vinasaba vya ng'ombe 46 wa Boran, nimekwama. Orodha ya alama (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya ng'ombe) niliyopewa inafuata ramani ya zamani, UMD3.1, mimi nilipanga data kwa ramani mpya kuliko hiyo, ARS-UCD1.2 ya 2018. Namba za mahali kwenye kromosomu hazilingani kabisa. Nimejaribu kuoanisha kwa majina ya alama, nyingine zikapotea.

Halafu ramani zote mbili zimetokana hasa na Dominette, jike wa Hereford asiye na nundu, wakati Boran ni zebu (nundu yake hata gizani utaipapasa!).

Je, nihamishe namba kwa programu gani bila kupoteza alama? Na nibaki na Hereford au nihamie ramani ya Brahman, ambaye naye ni zebu?