Ziwa Nyasa: twende The Hague au tuendelee kukaa mezani na Malawi?

Mwambao
Wakuu, mnakumbuka Malawi iliporuhusu kampuni kutafuta mafuta ziwani 2011, na 2012 Membe, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, akaja juu bungeni. Mzee Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, akapewa kazi ya kusuluhisha. Hadi leo mpaka haujakubaliwa, na kila mara anaibuka mtu wa "twende mahakamani tukamalize". Napinga. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 unasema mpaka unafuata ufukwe, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi mlango wa mto Songwe. Katikati ya maji, tunakodai sisi, haikutajwa. Na mkataba huohuo umeshawahi kufika The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki: kisiwa cha Kasikili, walichogombea Namibia na Botswana, hukumu ya Desemba 1999. Namibia ilijitetea kwamba Wasubia wa upande wake wamelima pale miaka na miaka. Majaji wakarudi kwenye maandishi ya 1890, kisiwa kikaenda Botswana. Sisi tutasema nini zaidi ya kwamba wavuvi wetu wamevua tangu enzi za mababu? Bora meza, na tushike kifungu cha 6, kinachoruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kufuata mahitaji ya wenyeji.
Ila ujumbe wetu uwe na mkuu mmoja. Tusipeleke mabingwa wa kuvutana kama madaktari wa hospitali za rufaa, mgonjwa anakata roho wao wanabishana ni wa wodi ya nani.

Mnyasa wa Liuli
Mwambao, woga huo umeutoa wapi? Mwalimu aliiandikia Malawi tangu 1967 na hakuomba msamaha. Halafu unatuletea mikataba ya wakoloni! Si haohao ambao Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi, mstari ukapindishwa? Maji tunayochota na kuvua kila siku yawe ya mtu mwingine kwa sababu ya karatasi ya Ulaya?

Dokta wa Zamu
Ya ziwa sina neno. Hiyo ya madaktari imeniuma. Unajua kinachotokea saa nane usiku? Analetwa mama ana sukari, figo zinasumbua, na kidonda cha mguu kimeoza. Wa upasuaji anataka sukari ishuke kwanza. Wa magonjwa ya ndani anasema haitashuka mguu ukiwa hivyo. Wa figo yuko nyumbani, anapigiwa simu. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anawajibika kwa mkuu wa idara yake. Mganga mfawidhi ana mamlaka ya kusaini barua, ya kumwamuru bingwa atoke kitandani hana. Anayebaki na mgonjwa ni kijana wa mafunzo kwa vitendo. Kosa hapo ni la waliopanga kazi, usiwabebeshe walio zamu.

Mtu wa Karonga
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka ng'ambo, Malawi. Mnyasa, hiyo ya zawadi ni hadithi. Mstari wa Kilimanjaro ulipangwa kwenye makubaliano ya 1886, na mlima uliangukia upande wa Wajerumani kwa sababu watu wao walikuwa wameshafunga mikataba na machifu wa huko. Na karatasi ya Ulaya tuliikubali wote Cairo 1964, viongozi wa Afrika walipoazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Tanzania ilikuwemo.

Binti Mbinga
Dokta, usijisafishe. Baba yangu alilazwa hospitali moja kubwa, kila asubuhi raundi inaongozwa na sura mpya, kila sura inauliza maswali yaleyale, dawa ya jana inafutwa. Nilipouliza daktari wake ni nani, hakuna aliyejibu. Na 2012 hiyohiyo mligoma mkawaacha watu vitandani. Leo unatuambia mpangilio?

Dokta wa Zamu
Pole sana kwa mzee, dada. Swali lako ndilo ninalopigania: jina la daktari mmoja liandikwe juu ya faili siku ya kwanza, awe na mamlaka ya kuwaita wengine na wao wawe na wajibu wa kuja. Kuhusu 2012, ule mgomo ulianzia kwenye madai ya haohao wa mafunzo kwa vitendo ninaokuambia ndio wanaobaki na mgonjwa. Siwezi kuwalaani.

Sista Rehema
Na wauguzi mmetusahau kama kawaida. Nikikabidhi zamu asubuhi ni mimi ninayejua bingwa gani alisema nini. Hilo jina moja juu ya faili nalitaka, lakini mwenye jina aje asikilize ripoti ya usiku tukiwa kitandani kwa mgonjwa. Akisoma faili peke yake saa nne, nusu ya habari imeshapotea.

Mwambao
Sista umesema kweli, ila jamani turudi ziwani. Hakuna aliyegusa Kasikili.

Mnyasa wa Liuli
Naigusa. Kule ni mto, huku ni ziwa. Na Msumbiji wamekaa ziwa hilohilo wakapata hadi katikati kwa makubaliano ya Wareno na Waingereza ya 1954. Sisi tuna dhambi gani?

Mwambao
Umejibu mwenyewe: *makubaliano*. Hiyo katikati hawakuipata kwa hakimu. Na soma mwisho wa hukumu ya Kasikili: mahakama ilisema raia na vyombo vya nchi zote mbili watapita kwenye mikondo ya pande zote za kisiwa kwa haki sawa. Kilichomsaidia mvuvi ni hicho.

Mtu wa Karonga
Hapo tunakutana. Songwe ukifurika unahama, na shamba la mtu linaamkia nchi nyingine. Serikali zetu hazikusubiri hakimu, zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, mkataba wake ukasainiwa 2017. Tuanze ziwa kwa njia hiyo: vibali vya kuvua usipa na mbasa vitambulike pande zote, meli zivuke Itungi kwenu hadi Chilumba kwetu bila usumbufu, mstari ujadiliwe baadaye.

Mnyasa wa Liuli
Mstari kwanza. Bila mstari, hicho kibali anakisaini nani?