Mfiwa anataka kusoma Biblia mwenyewe: aanzie wapi?

Mama wa Uyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwenye jumuiya yetu kuna dada amefiwa na mtoto, miezi miwili sasa. Anataka kukaa na Neno mwenyewe nyumbani, ajue Mungu anasema nini juu ya mateso. Alifungua Ayubu, akafika sura ya 8 akaifunga Biblia analia. Ana Union Version na daftari, na nafasi yake ni jioni akishatoka shamba. Aanze na nini, na kwa siku asome kiasi gani?

Mwalimu Kihesa
Poleni sana, mama. Ayubu aiweke pembeni kwanza. Kuanzia sura ya 4 marafiki wa Ayubu wanaongea mno, na mfiwa asipoangalia nani anasema, atayapokea maneno yao kama sauti ya Mungu. Hiyo sura ya 8 ndiyo yenye mstari wa 7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho kuongezeka sana, tunaoubandika madukani. Msemaji ni Bildadi, mmoja wa marafiki hao! Na kwenye mstari wa 4 ametoka kumwambia Ayubu, baba aliyezika watoto kumi, kwamba watoto wake walimkosea Mungu. Si ajabu dada amelia. Mwonyesheni 42:7, Mungu anawakasirikia marafiki hao kwa waliyoyanena.

Aanze na Zaburi 13, mistari 6 tu, wiki nzima hiyo hiyo, dakika 20 kila jioni. Siku ya kwanza asome kwa sauti mara mbili, asiandike kitu. Siku ya pili apige mstari katikati ya ukurasa: kushoto anakili zaburi, kulia anaandika ya kwake. Mistari miwili ya kwanza ina "hata lini" nne. Naye aandike "hata lini" zake, asizipambe. Wa 3 na 4 ni ombi, wa 5 na 6 ni tumaini. Wengi wanaharibu hapa: wanakimbilia wa 6 siku ya kwanza, jioni ya tatu daftari limefungwa. Akikwama kwenye wa 2 siku nne, akae hapo hapo.

Kaka Tukuyu
Naongeza kitu kimoja kwa sababu ya maneno ya majirani: amerogwa, au ni dhambi ya wazazi. Wiki ya pili asome Yohana 9:1-3 na Luka 13:1-5, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anakataa kabisa hesabu hiyo ya dhambi. Na mkimpa Yeremia 29:11, mpeni pamoja na mstari wa 10: waliandikiwa watu wa uhamishoni, wangoje miaka sabini.

Dada Makambako
Mimi sikubali asome peke yake siku zote saba. Jioni mbili kwa wiki mtu akae naye, asimfundishe, asome naye tu. Zaburi 88 asiisome usiku akiwa mwenyewe, inaishia gizani. Maombolezo 3 inafaa zaidi: ina mistari 66, na zile rehema za 22 na 23 zinakuja baada ya mistari 20 ya uchungu, kwa hiyo aanzie wa 1. Akiwa hapati usingizi, hataki kula, au anasema afadhali afe, msingoje wiki iishe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Uyole
Mungu awabariki. Ayubu airudie lini?

Mwalimu Kihesa
Wiki ya nne. Asome sura ya 1 hadi 3, aruke hadi 38 hadi 42, ndipo arudi katikati, na juu ya kila sura aandike kwa penseli jina la anayesema. Akifika mwisho atazame jambo hili: yaliyosemwa mbinguni sura ya 1 Ayubu haambiwi popote. Hilo aliandike kushoto. Kulia mwachieni mwenyewe.